Virusi Nilivyovibeba Hadi Makambako

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu wa Makambako. Kule walikuwepo watu, na watu wana midomo. Bora mchukue kwangu, chumvi itakuwa kidogo.

Mnaonijua mnajua. Kwetu hapa Njombe mimi ndiye daktari wa kompyuta. (Cheo nilijipa mwenyewe. Hakuna aliyepinga, kwa hiyo kikapita.) Kidato cha nne nilifaulu somo la kompyuta, na tangu siku hiyo kompyuta ya nyumbani ni ya wote lakini sheria ni zangu. Ukutani juu yake nimebandika karatasi: MARUFUKU KUCHOMEKA FLASH YA MTU YEYOTE. MARUFUKU KUBONYEZA KITU USICHOKIJUA. AMRI. Chini nimeweka sahihi. Krismasi alikuja mjomba wangu na flash yenye picha za harusi, nikamzuia mlangoni kama mhamiaji haramu. Akaondoka na picha zake.

Yenyewe ni ya mezani, ya zamani. Baba aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inabadilisha za kwake. Inaunguruma kama mashine ya kukoboa. Lakini ndani yake yumo Babu.

Namaanisha sauti ya Babu. Mwaka mmoja kabla hajafariki, Baba alimkalisha sebuleni akamrekodi kwa simu. Dakika kumi na saba. Babu anaeleza mpaka wa shamba unapopita, anaeleza mwaka wa njaa, anaeleza alivyopanda kwa miguu hadi Matamba kuposa. Baadaye ile simu ya Baba ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa, ikafa. Ikabaki sauti iliyoko kwenye kompyuta. Hiyo hiyo moja.

Kila Jumapili tukitoka ibadani, Bibi anakaa mbele ya kompyuta na kikombe chake cha chai. Mimi nabonyeza. Babu anaongea, Bibi anamjibu. Wanabishana kabisa. "Haukuwa mwaka ule, wewe!" Bibi anamwambia. Babu anaendelea tu, kama alivyokuwa akiendelea enzi za uhai wake. Halafu mwishoni, dakika ya kumi na sita hivi, Babu anamwita. Hamwiti jina. Bibi ni Mkinga wa Matamba na Babu alikuwa Mbena, kwa hiyo anamwita alivyomwita maisha yote: "Mkinga wangu! Chai iko wapi?"

Bibi anangoja hapo. Zile dakika kumi na tano za mwanzo ni foleni.

Sasa kama wiki tatu nyuma kompyuta ikaanza kuzima. Babu yuko katikati ya mpaka wa shamba, dakika ya sita, pu! Giza. Ukiiwasha inajivuta, inapumua kwa shida, inazima tena. Jumapili ya kwanza Bibi alisema, "Amechoka. Mwacheni." Ya pili akasema, "Leo tena?" Ya tatu, yaani iliyopita, alimaliza chai yake, akainuka, akaenda kulala mchana. Bibi hajawahi kulala mchana tangu nimjue.

Iliniuma. Nikamfuata chumbani, nikamwambia kwa mdomo huu huu: "Bibi, Jumapili ijayo utamsikia mpaka mwisho."

Jumapili ijayo ndiyo kesho.

Ugonjwa mimi niliujua mapema. Virusi! Kompyuta ikiwa nzito ni virusi, ikizima ni virusi, ikikohoa ni virusi. Wiki nzima nikapambana. Siku ya kwanza tu, nikiwa natafuta dawa mtandaoni, kikaruka kidirisha chekundu kinawakawaka: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 418. BONYEZA HAPA KUSAFISHA.

Mia nne kumi na nane! Nilipiga kofi mezani. "Mama, nilikwambia!"

Nikabonyeza. Ikaingia programu yenye picha ya ufagio. Ikafagia. Ikasema bado virusi 211, ongeza nyingine. Nikaongeza, hii ina picha ya ngao. Ile ya ngao ikaanza kugombana na ile ya ufagio. Nikaleta ya tatu iwaamue. (Msiseme kitu. Najua. Karatasi ilikuwa ukutani, inanitazama.) Bando likaisha, na kompyuta ikawa inachukua muda wa kuchemsha maharage mpaka iwake.

Mama hakuwa na shida nayo. Kwa baridi hii ya Julai, yeye na Bibi wanaipenda ile kona. "Hicho kidude chako kina joto zuri," Mama aliniambia siku moja huku ananyoosha kitambaa alichokifuma, kile anachofunikia kompyuta. Kwetu kila kitu kina kitambaa. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, mtungi wa gesi una kitambaa. Sikuwaza. Shikeni hapo.

Jana nikampigia fundi wa hapa mjini. Akasema ana kazi nyingi, niilete Jumatatu.

"Jumatatu?" nikamwambia. "Kaka, kwani Jumapili inakuja lini?"

Akacheka akakata. Rafiki yangu mmoja akanielekeza kwa fundi wa Makambako, kibanda chake kiko nyuma ya stendi. Akasema yule anamaliza siku hiyo hiyo. Nikaamua. Sijui kungoja, mnanijua. Mimi chai naiweka sukari ikiwa bado jikoni.

Basi leo asubuhi, saa kumi na mbili, ukungu mpaka huoni banda. Mama yuko huko bandani anakamua. Mimi nikazima kompyuta, nikatoa kitambaa, nikachomoa nyaya. Kwenye lile boksi la CPU, mfuniko wa pembeni ulikuwa umeegemezwa tu. Hilo ni kosa langu la mwezi uliopita: niliufungua nisafishe vumbi kwa brashi ya viatu, skrubu zikapotea, nikauegemeza nikasema nitautafutia siku. Siku haikufika. Leo nikausukuma kwa goti ukae, nikalifunga boksi zima kwa mpira wa baiskeli, mizunguko mitatu.

Sikuchungulia ndani. Nani anachungulia? Virusi havionekani kwa macho.

Nikalivika blanketi, nikaliingiza kwenye gunia la salfeti, nikabeba kichwani. Mlangoni namkuta Bibi amesimama na fimbo yake.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Unamhamishia wapi mume wangu?"

"Hospitali, Bibi. Makambako."

Akaligusa salfeti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anapima homa. "Arudi kabla ya chai ya kesho."

"Atarudi leo."

"Wewe na leo," akasema. Akanipisha.

Njiani gari likikata kona, ndani ya salfeti nasikia ngo, ngo, ngo. Nikajua hard disk imelegea. Nikalikumbatia salfeti kwa mikono miwili. Konda akanitazama. "Dada, kuku wa wapi hawa hawalii?"

"Ni kompyuta."

"Basi huyo kompyuta wako anapiga mateke."

Hapo simu ikaita. Mama. Nikakata. Nilijua anachotaka: kuniambia nigeuze, ningoje Jumatatu, fundi wa kule hatumjui. Ikaita tena. Nikakata. Ikaita ya tatu tunaingia Makambako, nikaizima mlio. (Ninyi wenye mama zenu, pokeeni simu. Nimemaliza kuhubiri hapo.)

Kibanda cha fundi nikakikuta kimejaa. Fundi mwenyewe anaitwa Castory, kijana mpole, ana kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Kwenye benchi kuna mzee mmoja amepakata redio yake kama mjukuu. Pembeni yake mama mmoja mnene mchangamfu, mnunuzi wa parachichi, viatu vyake bado vina udongo wa shambani, simu yake imekuwa nzito. Wengine wawili wamesimama mlangoni wanaota jua.

Fundi akasema, "Karibu dada, kaa, kuna watu watatu mbele yako."

Watatu! Nikakaa. Dakika tano. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama," nikamwambia yule wa parachichi, "simu yako ina virusi."

"Eeh? Virusi vya nini?"

Basi nikatoa semina. Nikaeleza vinavyoingia, vinavyojificha, vinavyozaana. Nikaeleza habari ya flash. Nikamtaja mpaka mjomba wangu na picha zake za harusi, nikasema watu kama hao ndio wanaoua kompyuta za nchi hii. Nikasema, "Kwetu mimi siruhusu flash hata ya mchungaji." Mzee wa redio akawa anatikisa kichwa, amevutiwa. Wale wa mlangoni wakasogea ndani. Nikajiona.

"Umesomea?" yule mama akauliza.

"Kiasi," nikasema. (Kiasi!)

Fundi akawa anasikiliza huku anachomelea waya wa watu. Mwishowe akasema, "Ndugu zangu, huyu dada ametoka Njombe na baridi yote hiyo, tumpishe?" Wakanipisha, nafikiri kwa heshima ya semina.

Nikaliweka salfeti mezani. "Kaka, usipoteze muda. Nimeshaichunguza. Ni virusi, mia nne na kitu. Wewe futa kila kitu, piga window upya, niwahi gari."

"Kuna vitu vya maana humu?"

"Kimoja. Lakini kiko kule D, upande wa pili wa hard disk. Wewe futa C tu."

"Una uhakika kiko D?"

"Kaka."

Akanitazama chini ya ile kofia. "Nilikuuliza tu. Mimi sifuti kitu kabla sijaona mgonjwa."

Akatoa blanketi. Akaanza kufungua mpira wangu, mzunguko wa kwanza, wa pili. Akasimama. Akanusa.

"Dada, hii kompyuta inakaa jikoni?"

"Inakaa sebuleni."

"Mbona inanukia kachumbari?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi nikakunja sura. "Labda ni waya umeungua."

"Waya ukiungua haunukii kachumbari," akasema. Akavuta mfuniko.

Jamani.

Ndani ya kompyuta yangu, chini kabisa, mbele ya feni, kulikuwa na kipande cha kitenge cha Mama kimekunjwa vizuri kama kiota. Na kwenye kiota, parachichi nne. Tatu zimetulia zinang'aa, nyeusi, nzuri. Ya nne ilikuwa imepasuka njiani na kulipaka feni lote rangi ya kijani.

Ngo, ngo, ngo. Ndiyo hard disk yangu ile.

Kibanda kizima kikanyoosha shingo. Fundi Castory akaingiza mkono, akatoa moja, akaishika juu kwenye mwanga.

"Dada," akasema kwa upole kabisa, "hivi ndivyo virusi mia nne?"

Wakapasuka! Mzee alicheka mpaka redio ikamponyoka, ikadakwa na mtu. Wale wa mlangoni wakaita wengine. Mimi nimesimama pale, masikio yanawaka moto. Na simu, Mungu wangu, simu ikaanza kutetemeka mezani.

Mama.

Sasa simu yangu kile kispika cha sikioni kilikufa. Ukitaka kumsikia mtu lazima uweke sauti ya nje. Nikataka kukata, kidole kikateleza, nikapokea.

"Anitha!" Mama akalipuka kibanda kizima. "Toka asubuhi napiga! Kabla hawajafungua hiyo kompyuta, toa parachichi za bibi yako!"

Fundi akainamia simu. "Shikamoo mama. Tumeshafungua."

"Marahaba baba. Zimeiva?"

Yule mama wa parachichi alikuwa ameshaichukua ile moja mkononi mwa fundi. Akaibonyeza kwa kidole gumba pale kwenye kikonyo, kitaalamu, macho ameyafumba. "Hass," akatangaza aina yake. "Na imeiva sawasawa, haina doa. Dada, uliye kwenye simu, hizi ziko humu tangu lini?"

"Tangu Jumanne," Mama akajibu, kana kwamba wanafahamiana. "Za mwanzo Bibi alishazimaliza. Kwa baridi hii nje haziivi, na bibi yake hana meno, anataka laini."

"Siku nne! Mimi kwenye pumba za mahindi navundika siku kumi!"

"Ukifunika na kitambaa inakuwa haraka zaidi," Mama akasema.

"Nani fundi wenu wa hii mashine?"

"Ni huyo huyo binti yangu. Yeye ndiye aliyeacha mlango wazi."

(Asante, Mama.)

Nikakata simu. Nikakaa kwenye benchi, mzee akanisogezea nafasi, akanipiga begani. "Usijali mjukuu. Mimi redio yangu mwaka juzi ilikutwa na panya." Alikuwa na nia njema.

Fundi Castory hakucheka sana, hilo namshukuru. Akafuta feni kwa kitambaa chenye spiriti, akapuliza vumbi, akanionyesha kwa bisibisi. "Hewa inaingia hapa, inatokea huku. Ninyi mmeiziba huku kwa parachichi, mkaifunika juu kwa kitambaa. Ikipata moto sana inajizima yenyewe isiungue. Haikuwa inaumwa, dada. Ilikuwa inajiokoa."

Nikasema ndiyo. Nikafikiri aibu imekwisha.

Akaiwasha. Ikawaka. Na palepale kikaruka kile kidirisha chekundu: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 418.

Nilisimama kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona! Si nilisema! Vipo!"

"Vipo," fundi akakubali. Akabonyeza hapa na pale. "Lakini hivi havikuvamia. Vilikaribishwa. Hii ya ufagio, hii ya ngao, na hii nyingine. Zinajifanya wasafishaji, kumbe zenyewe ndiyo uchafu. Na kidirisha hiki kila siku namba ni ile ile 418, umeiona? Virusi gani havizai hata kimoja?" Akasoma kwenye skrini. "Ziliingizwa wiki hii, Jumapili jioni. Nani alikuwa kwenye kompyuta Jumapili jioni?"

Nikatazama dari.

"Ni yule mjomba?" mzee akauliza. Kwa dhati kabisa! Alikuwa ameifuatilia semina.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ni mimi."

Basi hiyo ilikuwa raundi ya pili. Yule mama wa parachichi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Sasa na simu yangu, mwalimu, nibonyeze nini?"

Fundi akaziondoa zote tatu, moja baada ya nyingine. Akasema kompyuta ilikuja na mlinzi wake ndani ya window, mmoja anatosha, ila sikuwa namlisha, yaani sijawahi kumpa bando ajisasishe. Walinzi watatu kwenye geti moja wanaishia kukamatana wenyewe. Nikasikiliza. Nilikuwa nimetulia kama mtoto wa kipaimara.

Halafu akauliza, "Hicho kitu chako cha maana kinaitwaje?"

"BABU. Kiko D."

Akafungua D. Nyimbo. Picha za mahafali. Notisi zangu za baiolojia. Babu hayupo.

"Tafuta vizuri," nikasema. Nikamsukuma kidogo nione skrini.

Akaitafuta. Akaikuta. Ilikuwa pale mbele, kwenye uso wa skrini, nilipoiweka mwenyewe mwaka jana ili Bibi asingoje ninapoitafuta. Nami nikasahau kuwa kila kilichopo pale mbele kinakaa C.

C. Ile niliyomwambia afute.

Fundi angeweza kunisuta. Nilistahili. Alinitazama tu, na mimi nikaitazama ile alama ndogo yenye jina la herufi nne, na kelele zote za kibanda zikawa mbali. Kama angekuwa mwepesi kama mimi. Kama angekuwa fundi wa "haya, leta, nimalize". Mpaka wa shamba, mwaka wa njaa, safari ya Matamba, vyote vingeondoka na ufagio, na kesho baada ya ibada Bibi angekaa na kikombe chake mbele ya kioo cheusi. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nawahi gari?

"Nakala nyingine iko wapi?" fundi akauliza.

"Hakuna."

"Kwa nini hukuiweka hata kwenye flash?"

Jamani, jibu lilikuwa limebandikwa ukutani kwetu kwa herufi kubwa. Na sahihi yangu chini.

"Nilipiga marufuku flash," nikasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee wa redio aliinamisha kichwa. Fundi akatoa flash mpya kwenye droo, akanionyesha: unaichomeka, unamwambia mlinzi aikague kwanza, ikiwa safi ndipo unaifungua. Mambo ya dakika mbili. Miaka yote nimekuwa nikifukuza wageni kumbe ningewanawisha mikono tu. Akanakili Babu mara mbili, moja kwenye flash, moja kwenye simu yangu.

"Tuijaribu sasa," akasema. "Tupige kitu kirefu, tuone kama itazima."

Kitu kirefu nilichokuwa nacho ni hicho hicho. Akabonyeza.

Babu akakohoa, kama anavyoanza siku zote. Akaanza kueleza mpaka wa shamba, Kiswahili na Kibena vimechanganyika, mti hadi mti. Dakika ya pili. Ya nne. Wale wa mlangoni walikuwa wameacha kucheka. Mzee wa redio alikuwa anaitikia, "Ehe. Ehe," kama vile wanaongea. Dakika ya tano nikashika ukingo wa meza. Ya sita. Babu akasema, "...halafu unashuka bondeni," na kompyuta ikaendelea. Akashuka bondeni! Wiki tatu tulikuwa tumemwacha juu ya kile kilima, leo akashuka.

Nilipiga kelele. Mama wa parachichi alinikumbatia, udongo na vyote.

Ilipofika safari ya Matamba nikamwambia fundi asimamishe.

"Bado haijaisha," akasema.

"Najua. Hapo mbele ni pa mwenyewe."

Akasimamisha. Akaufunga mfuniko kwa skrubu mpya nne. Zile parachichi tatu akanirudishia ndani ya kitenge chao. Nikazibeba mkononi, kila mtu azione, basi tena.

Nimefika nyumbani saa kumi. Mama yuko uani anapepeta maharage, hakuinua hata uso. "Ziko ngapi?"

"Tatu. Moja ilipasuka."

"Ulikimbilia nini? Ungeniuliza tu ningezitoa, na kompyuta ingepona hapa hapa."

Mama aliongea ukweli mtupu: dawa ilikuwa bandani inakamua ng'ombe, mita thelathini kutoka kitandani kwangu, na mimi nimeifuata kilomita na kilomita na simu nimezima mlio.

"Nawe Mama," nikasema baadaye, "hukujua kwamba ndiyo inayoizima?"

Akaacha kupepeta. "Sikujua. Nilikuwa nawaza meno ya bibi yako tu." Akachambua jiwe moja, akalitupa. "Kumbe nilikuwa nampa parachichi, namnyang'anya mzee." Akaendelea na maharage, lakini taratibu.

Bibi hakukubali kungoja Jumapili. Alisikia mlango, akaja na kikombe tayari, kana kwamba alikuwa anachemsha chai kwa kuhesabu hatua zangu. Nikaunganisha nyaya. Kitambaa nikamrudishia Mama, akaenda kukivika ndoo ya maji. Nikabonyeza.

Dakika ya sita Bibi akaacha kunywa. Babu akashuka bondeni. Bibi akavuta pumzi, akamwambia, "Ulikawia." Wakabishana mwaka wa njaa. Wakapanda Matamba. Mama akaingia akasimama nyuma yetu, mikono bado ina vumbi la maharage. Ikafika.

"Mkinga wangu! Chai iko wapi?"

Kwenye rekodi Bibi anajibu kwa mbali, toka jikoni, sauti ya miaka ile. Na leo wakajibu wote wawili pamoja, wa kwenye kompyuta na wa kwenye kiti:

"Inakuja, Mbena mvivu!"

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sketi. Mama akamkatia parachichi, akamkabidhi na kijiko. Bibi akaonja, akaitazama ile CPU yenye skrubu zake mpya, akanitazama mimi.

"Mmeufunga?"

"Tumeufunga, Bibi. Ni sheria."

"Sasa nyingine zitaivia wapi?"

Nimeibandua ile karatasi ukutani. Nimeandika mpya, mistari miwili tu: FLASH ZIKAGULIWE NDIPO ZIINGIE. ANITHA ASIBONYEZE KITU KABLA YA KUULIZA. Sahihi safari hii ameweka Mama. Mjomba nimeshampigia, anakuja na picha zake.

Kwa hiyo ninyi wa Njombe, mkinikuta mjini nisalimieni kamwene, mpite zenu. Mtu asiniulize kama zimeiva.